Kati ya Picha ya Kushoto na ya Kulia

Honorine, mshona glavu, alikutana na mpiga picha Anselme sokoni Paris, pale miguu ya kamera ya Anselme ilipopindua kapu lake la mayai.

"Wewe mwanamume, huna macho?"

"Ninayo, bibie. Yamekuona, yakasahau njia."

Honorine alicheka kwa hasira. Mwaka mzima akawa hali hanywi kwa ajili ya mpiga picha yule mwenye vidole vyeusi kwa dawa, naye Anselme neno la ndoa halimtoki. Basi baba yake Honorine akamtafutia mchumba, Barthélemy, muuza hariri wa Lyon. Mchumba akataka picha ya Honorine ya kisasa: zile mbili za pamoja, ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia, ukizitazama kwa kile kisanduku chenye lenzi, mtu anasimama mbele yako mzimamzima.

Honorine alivaa gauni la buluu, akaenda kwa Anselme kusudi.

"Kwa hiyo unaolewa."

"Kesho kutwa naondoka. Una la kusema?"

"Hongera, malkia wangu."

"Mwone! Hongera!"

"Haya, shingo iegemee chuma hiki, kikushike usicheze. Nina kamera moja tu. Napiga ya kushoto, naisogeza, napiga ya kulia. Ukitikisika katikati, picha zitakataa kuungana."

Alipiga ya kwanza. Akabadilisha kioo cha picha ndani ya kamera, akaisogeza kamera taratibu mno. Sema nisiende, Honorine aliomba moyoni. Sema tu, nitainuka hapa hapa, na picha iharibike.

Anselme alimtazama kwa muda mrefu. Midomo ikafunguka.

"Usitikisike," alisema, akapiga ya pili.

Picha ilifika Lyon wiki moja baada ya harusi. Ndani ya kifurushi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa yenye jina la Honorine, naye akaisomea dirishani.

"Nilitaka kukuomba ubaki. Nikakuona umetulia, hata kope hupepesi, nikajua moyo wako umeshaondoka. Kuwa na heri, mpenzi."

"Si wewe uliyeniambia nitulie!" alisema kwa sauti, machozi yakimtoka. Aliitupa karatasi ndani ya jiko, akajifuta uso kwa haraka, maana mumewe alikuwa anamwita.

"Njoo ujione, mke wangu!" Barthélemy alikuwa amekibana kisanduku machoni, anatabasamu. "Umesimama hapa kabisa, nataka kukugusa shavu. Na ulivyotulia! Ulikuwa unanifikiria mimi, sivyo?"

"Ndiyo," alisema Honorine.