Mwera Mtandao Uko Makaburini

"Kijakazi, nakuuliza tena. Nitume wazee waje Mwera, au nisiwatume?"

Upepo tu ndio uliosikika kwenye simu.

"Kijakazi?"

"Nakusikia, Uweso."

"Basi n'jibu."

"Mimi... Uweso, mimi..."

Tu. Tu. Tu. Tu.

Uweso aliitoa simu sikioni akaitazama kwa hasira. Ijumaa nyingine tena imekwenda hivyo! Habari za mihogo hupita, salamu za shangazi hupita, hata umbea wa mazishi na harusi za Pangani nzima hupita bila kikwazo. Likifika neno la ndiyo au hapana, simu inakatika.

Ujumbe ukaingia:

"MTANDAO UMEKATA. MAKABURI YA HUKU UNAYAJUA. IJUMAA INSHALLAH."

Makaburi, ndiyo, umesoma sawasawa. Miaka hiyo simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Tanga, mwenye nayo huivaa kiunoni hata msikitini. Huko Mwera, upande wa Pangani, mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye mwinuko wa makaburini. Mtu akitaka kuongea na mwanawe aliyeko Dar, sharti akasimame na wafu. Na pale juu kabisa, panaposhika kuliko pote, ndipo alipolazwa Sadalla, marehemu mume wa Kijakazi.

Sadalla aliendesha trekta katika shamba la katani. Shamba lilipouzwa kwa mwenyewe mpya, madereva wote wakarudishwa makwao, naye hakukaa sana, homa ikamlaza na haikumwinua tena. Kijakazi alikaa eda, akaimaliza, akarudi kwa shangazi yake. Uweso alikuwa rafiki wa Sadalla, na hilo alitamani watu wasahau.

Uweso aliuza vipuri vya baiskeli Ngamiani, Tanga mjini. Mlango wa pili lilikuwa duka la simu la Hasnain, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Ngamiani, mwenye Kiswahili kitamu kuliko cha waliomcheka. Barazani kwake hawakukosekana watu wawili: Zebedayo, karani wa ofisi moja ya Raskazone, na Mzee Jumbe, fundi cherehani. Hawa kazi yao jioni ilikuwa moja, kubishana juu ya simu.

Siku hiyo Hasnain alikuwa na kitu kipya mkononi.

"Itazameni. Imetoka juzi. Antena iko ndani, haionekani na mtu. Mimi nimeipa jina, Mwari."

"Mwari asotoka nje atashika mtandao wa nani?" aliuliza Mzee Jumbe. "Simu bila antena ni ya kuchezea watoto."

"Mzee wangu, umeshapitwa," alisema Zebedayo. "Hii inatetemeka, inaimba, chaji yake ukiweka Jumatatu unaisahau. Huo mche wako wa sabuni ukiutia mfukoni suruali yashuka."

"Yashuka lakini naongea. Wewe na hiyo yako utasema haloo, haloo, mpaka vocha iishe."

"Na ina spika," Hasnain akaongeza. "Unaiweka mezani, mnasikia nyote, kama redio."

"Siri ya mtu itoke mezani kama taarifa ya habari? Bwana we, hiyo si sifa, hiyo ni kasoro!"

Wakacheka. Uweso hakucheka. Akavuta kigoda akawaeleza yote, maana alikuwa amechoka kulibeba peke yake.

"Betri hiyo," alisema Zebedayo bila kufikiri.

"Hapana, ni simu yenyewe," alisema Hasnain. "Ule mche wa simu uliompa Kijakazi una kifuniko cha kufunua. Kikilegea kidogo tu, simu inadhani umeifunga. Mpelekee Mwari, nawe chukua yako. Utanishukuru."

Mzee Jumbe alikuwa akitafuna ulimi wake.

"Wewe wasemaje, mzee?" Uweso alimuuliza.

"Mimi ni fundi cherehani, mwanangu. Lakini mwanamke asimame juu ya kaburi la mumewe, aulizwe kama ataolewa na rafiki wa mumewe, na simu ikatike hapo hapo, kila Ijumaa... Hilo halina betri. Huyo ni Sadalla, hataki."

"Mzee Jumbe nawe, na uzee wote huo!"

"Haya. Nunueni Mwari."

Uweso alipinga kwa mdomo, lakini mwili ulimsisimka. Alikuwa na sababu. Enzi za uhai wa Sadalla, alikuwa akienda Mwera kila mara kumtengenezea baiskeli. Alikaza breki zilizokazwa, alijaza upepo matairi yaliyojaa, mradi apate kukaa uani kwa Sadalla na kusikia sauti ya Kijakazi jikoni. Hakumgusa. Hakumwambia neno. Lakini Mungu alijua, na Uweso aliogopa kwamba sasa hata Sadalla, huko aliko, anajua.

Nyumbani nako moto. Mama yake alishachoka.

"Uweso, mwanamke asosema ndiyo wala hapana huyo kakutia kitanzi. Mwezi ukiandama hujapata jibu, mimi nakwenda zangu Chumbageni kukuposea. Mtoto wa watu yupo, mzuri, yu hai, na hajalala na mtu aliyeko makaburini!"

"Mama!"

"Mama nini? Nimesema uongo?"

Basi Uweso akajikamua, akachukua Mwari mbili. Moja akamtumia Kijakazi kwa dereva wa basi la Pangani. Ijumaa ilipofika, baada ya swala ya alasiri, akakaa barazani kwa Hasnain, wenzake wamemzunguka kana kwamba wanasubiri mpira uanze.

"Iweke spika," alisema Hasnain. "Tuusikie mtandao wake."

"Mazungumzo yangu na mtu..."

"Dakika moja tu! Ikikatika, tujue kosa liko wapi."

"Mimi naondoka," alisema Mzee Jumbe, lakini hakuondoka.

Hapo ndipo Uweso alipokosea. Angekataa, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini alikuwa na simu mpya na watu wa kumtazama, na ujinga mwingi wa wanaume huanzia hapo. Akabonyeza.

"Haloo?" Sauti ya Kijakazi ikajaa baraza, safi, karibu.

Zebedayo alimkonyeza Mzee Jumbe: umeona?

"Hujambo, Kijakazi?"

"Sijambo. Simu nimeipata, ahsante. Nyepesi mno, naogopa itaruka. Uweso, uko peke yako?"

Uweso aliwatazama wale watatu.

"Niko peke yangu."

"Maana nasikia kama upepo."

"Niko peke yangu, Kijakazi. Leo n'jibu. Mama yangu ashasema mwezi ukiandama atakwenda kuposa kwengine. Mimi sitaki kwengine. Nitume wazee?"

Wote wanne wakaiinamia simu.

"Haloo?" alisema Kijakazi. "Haloo, Uweso? Sikusikii! Yakata! Haloo!"

Wanaume walitazamana. Simu haikuwa imekata. Walikuwa wakimsikia mpaka pumzi.

Kikasikika kitufe kikibonywa, kisha kikabonywa kingine. Mche ule wa zamani ulikuwa ukiufunga kifuniko, basi, umekata. Huu ulikuwa na vitufe asivyovijua. Huenda mwanga wa kioo ulizimika, Kijakazi akaamini amekwisha kukata. Sauti yake ikaja tena, chini zaidi, sauti ambayo Uweso hajawahi kuisikia.

"Nimekata tena, Sadalla. Usinikasirikie."

Mzee Jumbe akashika ndevu zake.

"Kila Ijumaa namdanganya mtoto wa watu. Namwambia mtandao, mtandao. Nitamdanganya mpaka lini, mume wangu? Ungenambia nisiolewe kabisa, ningekuitikia ukafa umetulia. Ukanambia, 'Olewa na umtakaye, ila asiwe Uweso.' Mimi ulimi ukanikwama. Ukanitazama, ukangoja. Ukenda zako unangoja. Sasa na yeye angoja. Nitamjibuje yeye, na wewe ndiwe ulouliza kwanza?"

Kisha kilio. Hasnain ndiye aliyenyoosha mkono akaizima simu.

Baiskeli zilipita, muuza kashata alipita akiita.

"Mtandao unashika," alisema Zebedayo, akakosa pa kuyaweka macho yake.

"Nyamaza, Zebedayo," alisema Hasnain.

Uweso alikwenda Mwera kesho yake kwa basi la kwanza. Alimkuta Kijakazi uani kwa shangazi, ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Uweso! Salama? Mbona hukusema waja?"

"Kijakazi, jana simu haikukatika."

Mkono wa Kijakazi ukasimama.

"Wasemaje?"

"Ulibonyeza kitufe sicho. Nimesikia yote."

Aliinama. Alipoinua uso, ulikuwa umebadilika rangi.

"Yote?"

"Yote. Na sikuwa peke yangu. Niliiweka spika. Alikuwapo Hasnain, na Zebedayo, na Mzee Jumbe."

"Nilikuuliza!" Alisimama, kifuu kikaanguka. "Nilikuuliza, Uweso, uko peke yako? Ukasema nini?"

"Nilisema niko peke yangu."

"Umenivua nguo barazani Ngamiani! Maneno yangu na maiti wangu, yamesikizwa na wauza simu!"

"Nimekosa. Sina la kujitetea."

"Na hujamaliza kunambia. Sema. Kwa nini Sadalla akutaje wewe? Wanaume wote hawa, kwa nini wewe?"

Uweso alijua kwamba hapa akidanganya tena, hatarudi Mwera maisha yake yote.

"Kwa sababu aliona. Ile baiskeli ilikuwa nzima, Kijakazi. Siku zote ilikuwa nzima."

Kijakazi alicheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu anayeumia.

"Wadhani hakujua? Alikuwa akinambia, 'Baiskeli yangu haijapata kuharibika kama tangu nilipooa.' Nami nikicheka naye. Siku ile ya mwisho ndiyo nilimuuliza, mbona Uweso? Akasema, 'Wengine watakuoa tu. Huyo utampenda.'"

Uweso akaokota kile kifuu. Rafiki yake alilala pale kitandani, akayaona yote kabla wao wenyewe hawajaambiana, akaondoka na wivu wake.

"Alikosea?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ondoka, Uweso."

"Kijakazi..."

"Chukua na Mwari wako. Simu isojua kunyamaza mimi siitaki. Ondoka!"

Shangazi alitokeza mlangoni, akamtazama Uweso, akampa simu iliyoviringwa kwenye kipande cha kanga. Hakumkaribisha hata maji.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Uweso alikula bila kujua anakula nini. Kila simu ikilia dukani kwa Hasnain, alisikia, "Ukangoja. Ukenda zako unangoja." Alimwona Sadalla katika kila mtu aliyeinama kutazama tairi. Barazani mabishano yalikuwa yamekufa. Hasnain aliuza Mwari kimyakimya, hakuisifia tena spika. Mzee Jumbe akaja siku moja akasimama mbele ya vipuri.

"Mwanangu, mimi nilisema ni Sadalla hataki."

"Ulisema, mzee."

"Nilikosea. Maiti hana nguvu ya kukata simu. Walio hai ndio wenye nguvu hiyo." Akaondoka bila kununua kitu.

Usiku wa kuandama mwezi ulikaribia. Mama alikwisha kuziandaa kanga za Chumbageni. Ndipo ujumbe ulipoingia, kutoka kwenye ule mche wa zamani:

"NJOO IJUMAA. USIJE NA SIMU."

Uweso alimwachia Hasnain simu zake zote mbili.

Alimkuta Kijakazi chini ya mwinuko, amejitanda, pembezoni mwa njia. Hawakupeana mkono.

"Simama hapa," alisema Kijakazi. "Usipande."

"Sipandi."

Akapanda peke yake. Uweso alimwona akifika juu, akasimama mbele ya kaburi, akaomba dua. Kisha akaanza kusema. Uweso aliona kichwa kikitikisika, aliona mkono ukitoka kwenye kanga ukamwonyesha yeye kule chini. Upepo uliyachukua maneno yote upande wa pili. Angepiga hatua chache tu angesikia, lakini alibaki palepale, akageuza uso akatazama barabara.

Alisimama hivyo mpaka miguu ikamuuma. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimwombea Sadalla, na hakuomba kwa woga. Alimwomba radhi.

Kijakazi akashuka. Macho makavu.

"Umemwambia nini?" Neno lilimtoka Uweso bila kutaka.

"Ni langu na yeye."

"Haya. Sitauliza tena."

"Langu na wewe ndilo uulize."

Mara hii hakuwa na simu ya kushika, mikono ikakosa kazi.

"Kijakazi binti Safari, nitume wazee?"

"Watume."

"Unakubali?"

"Nimekubali, Uweso. Nakutaka. Nilikutaka zamani, na hilo ndilo lililonikwamisha ulimi."

Akalisema lote, mchana, kwa sauti, mbele ya makaburi yote ya Mwera. Halafu akakaa chini njiani, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa kwikwi mpaka mabega yakatikisika. Uweso aliogopa. Akachuchumaa kando yake, asijue kama ana haki ya kumgusa.

"Kijakazi, mbona walia? Umejuta?"

Akatikisa kichwa.

"Sijajuta."

"Basi walia nini?"

Kijakazi akaiondoa kanga usoni, akatazama juu mwinukoni.

"Sasa ndiyo kafa," alisema.