Karatasi za Ubao wa Hoja

Kila Jumamosi, nikishateka maji na kuosha vyombo, nilikimbia kwenye baraza la duka la kijiji kuutazama Ubao wa Hoja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikisoma darasa la tano, na ubao ule ulikuwa mikononi mwangu. Wenzangu walichunga mbuzi, mimi nilichunga maneno!

Ubao wenyewe uliletwa na Mwalimu Andendekisye, aliyefundisha kisomo cha watu wazima. Kijiji chetu kiko karibu na Igowole, lakini yeye kwao Rungwe, na hakuchoka kututania kwamba tunakula viazi kwa kukosa ndizi. Baada ya mtihani wa kisomo wa mwaka 1975, wazee wetu wengi walijua kusoma na kuandika. Mwalimu akaona wasipopata pa kuandika watasahau. Basi mwenye swali aliliandika kwenye karatasi akalichomeka ubaoni kwa mwiba. Mwenye jibu alichomeka lake chini yake, na mwenye kubisha akabisha. Swali moja liliweza kufuatwa na karatasi ishirini.

Mwalimu alinichagua mimi, Kalista, niwe mtunzaji kwa sababu ya hati yangu. Sisemi kwa majivuno, lakini shule nzima hapakuwa na mwenye hati kama yangu. Haya, basi, kwa majivuno kidogo.

Mwaka 1976, mwezi wa saba, ubao ulijaa hadi karatasi zikawa zinapandana. Mwalimu akaniambia, "Kalista, mratibu wa elimu anakuja kututembelea kutoka Iringa. Za zamani zitoe ubaoni, uzitunze vizuri."

Nilizitoa zote, nikazitazama. Loo! Nyingine zilipinda kama njia ya mlevi. Herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, mtu ameandika kwa penseli butu, tena karatasi imekunjwa mfukoni siku tatu. Nikajiambia, aibu gani hii kumwonyesha mgeni? Nikachukua daftari kubwa nikanakili zile zenye hati nzuri tu. Mahali watu walipobishana sana nilifupisha kwa mstari mmoja. Zile mbaya nilimpa rafiki yangu Lea. Baridi ya kwetu mwezi wa saba si ya mchezo, na mama yake, Mama Juliana, alikuwa akitafuta karatasi za kuziba nyufa za ukuta wa jikoni.

Mratibu alipolifungua daftari langu alitikisa kichwa kwa furaha. "Huyu mtoto ni hazina," alisema mbele ya watu wote. Siku hiyo nilitembea nikiwa nimeinua shingo hadi nikajikwaa kwenye kizingiti cha nyumbani.

Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipoanza, kijiji kililetewa miche ya mikaratusi. Mwenyekiti wetu, Mzee Ezekia, aliitisha mkutano. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde.

"Ndugu zangu," alisema, "miche hii tutaipanda kuzunguka chemchemi. Pale pana unyevu, itakua upesi. Miaka michache tu tutakuwa na nguzo na kuni."

Watu walipiga makofi. Ndipo Bibi Tekla aliposimama, akiegemea jembe lake. Kinyungu chake kilikuwa chini kidogo ya chemchemi ile. Vinyungu ni bustani zetu za bondeni, tunazolima kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka. Kinyungu cha Bibi Tekla kililisha wajukuu watano aliokuwa akiwalea peke yake.

"Mwenyekiti, kamwene," alisalimu kwa Kihehe. "Habari ya miti hii nilishaisema mwaka jana. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaichomeka ubaoni. Mimi sirudii kama kasuku. Isomwe."

"Sawa," alisema Mzee Ezekia. "Kalista, mwanangu, lete daftari."

Nilisimama nikafungua daftari. Nilijua kilichoandikwa kabla sijakisoma. "Kuhusu mikaratusi," nilisoma, "watu walijadiliana sana. Wengi wameipenda."

"Na mimi?" aliuliza Bibi Tekla. "Soma mahali nilipo mimi."

"Bibi... hupo."

"Sipo?" Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aligeuka akawatazama watu. "Nimesoma miaka miwili, usiku kwa taa ya chemli, na macho haya mabovu. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kuandika tangu nizaliwe. Sasa sipo!"

Mwenyekiti alikohoa. "Basi, Bibi, kama hayamo daftarini, labda umesahau. Tuendelee."

Ningeweza kunyamaza pale pale, yakaisha. Ningeweza kusema karatasi zililiwa na panya. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Lea na mama yake, nao si watu wa kusema. Lakini nilimwona mama yangu akinitazama kutoka safu ya wanawake, na msemo wake anaoupenda ukanijia: njia ya mwongo ni fupi. Halafu nikamtazama Bibi Tekla akikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa hakuwahi kuishi.

"Hajasahau!" nilisema kwa nguvu. "Aliandika. Mimi ndiye niliyeitoa karatasi yake. Hati yake haikuwa nzuri, nikaona aibu mgeni aione. Nilizitoa nyingi. Nisameheni." Nikaanza kulia.

Watu waliguna. Mwalimu Andendekisye alikuja akasimama karibu nami. "Kulia baadaye," aliniambia kwa upole. "Karatasi ziko wapi?"

"Ziko ukutani, jikoni kwa Mama Juliana."

Basi mkutano wote ukahamia kwa Mama Juliana! Nyumba haikuwahi kuona wageni wengi hivyo, na mwenye nyumba alikuwa akiomba radhi kwa sufuria ambazo hakuziosha. Karatasi zilikuwepo, zimebandikwa kwa uji mzito. Lakini Mama Juliana alitaka jikoni pawe peupe, kwa hiyo upande wenye maandishi ulielekea ukutani.

"Ukivuta utachana," alisema. "Ngoja nichemshe maji."

Tulilowesha karatasi moja moja kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha Lea na mimi tukabandua kwa ncha za vidole. Baadhi zilikatika. Zilizoandikwa kwa wino wa kuchovya zilikuwa zimefutika kabisa, na hizo hatukuzipata tena hadi leo. Lakini zile za penseli zilisomeka. Ya tisa ilikuwa na herufi kubwa zilizopinda, na chini yake pameandikwa TEKLA.

Mwalimu alinyoosha mkono kuichukua. Bibi Tekla akamzuia. "Lete nisome mwenyewe."

Alisoma taratibu, kidole kikifuata kila neno. "Miti hii inakunywa maji sana. Kwa kaka yangu waliipanda chemchemini. Mwaka wa sita chemchemi imekauka. Vinyungu vimekufa. Pandeni mlimani. Mimi Tekla."

Kisha Lea akabandua karatasi iliyokuwa pembeni, akaisoma, akacheka huku akiziba mdomo. Alinipa mimi. Nikasoma kwa sauti: "Bibi Tekla amesema kweli kabisa. Hata mimi nimeyaona hayo. Ikae mlimani, hatua mia tatu kutoka kwenye maji. Ni mimi Ezekia, balozi wa nyumba kumi."

Mzee Ezekia, ambaye mwaka ule alikuwa bado hajawa mwenyekiti, alisogea akaikodolea macho. "Loo! Huyu ni mimi?"

"Ni wewe," alisema Bibi Tekla. "Hati yako mbaya kuliko yangu."

Watu walicheka mpaka Mama Juliana akatoka nje kujifuta machozi. Mwenyekiti alivua kofia, akajikuna kichwa. "Nimekamatwa na mkono wangu mwenyewe. Shughuli zimekuwa nyingi, nikasahau. Bibi, nisamehe. Kesho miche inapanda mlimani." Na kesho yake ilipanda kweli, hatua mia tatu zikihesabiwa na Bibi Tekla mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja barazani na sanduku la mbao, sindano na uzi. Tuliziandika namba na tarehe karatasi zote zilizopona, swali likifuatwa na majibu yake, tukazishona pamoja.

"Sikiliza, Kalista," alisema. "Hati mbaya si hoja mbaya. Mtunzaji hachagui nani amesema vizuri. Anatunza yote, ya wanaokubali na ya wanaobisha, kwa sababu hajui ni lipi kijiji kitalihitaji kesho. Ulikosea, lakini ulisema ukweli mbele ya watu, na kwa hilo chemchemi imepona. Ndiyo maana kazi hii nakuachia wewe."

Bibi Tekla, aliyekuwa amekaa akitutazama, akanipa karatasi tupu. "Bado moja. Andika na hilo la kuzitupa. Nalo lilitokea."

Nilimtazama Mwalimu. Alinisogezea kalamu. Basi nikaandika: "Karatasi hizi nilizitoa mimi Kalista kwa sababu ya hati zake. Nilikosea. Tulizibandua ukutani kwa Mama Juliana." Nikaishona juu kabisa, iwe ya kwanza.

Bibi Tekla aliisoma yote, neno kwa neno, kidole kikitangulia. Kisha akanipigapiga begani.

"Hati nzuri," alisema. "Na safari hii, hata maneno."