Hatua Elfu Nane za Kanela

Simu iliita chini ya meza ya muuza nyama.

Nubia alikuwa anampigia mchumba wake, Eliécer, fundi saa wa mtaa. Kama kawaida ya saa nane mchana, Eliécer hakupokea. Ajabu ni kwamba wimbo wa simu yake, ule wa akodioni, ulikuwa unalia pale pale miguuni pa Nubia, karibu na ndoo ya mifupa.

Akainama. Macho yake yakakutana na ya Kanela, mbwa wa Eliécer. Simu ilikuwa inatetemeka ndani ya mfuko wa sweta la mbwa, sweta ambalo Nubia mwenyewe alilishona msimu wa mvua.

"Huyo huja kila siku na simu yake, jirani," akasema Don Régulo huku akinoa kisu. "Nikadhani ana biashara."

Nubia aliona aibu mpaka akasahau nyama aliyoifuata. Mume wake wa kwanza alikufa kitini mbele ya televisheni, na yeye akafagia kuzunguka miguu yake mara mbili akidhani kalala. Ndiyo maana Eliécer alipomposa, alimwambia wazi kwamba anampenda ila hatazika mume wa pili. Atembee kila siku, na jioni amtumie hesabu ya hatua kutoka kwenye simu. Miezi mitatu ujumbe ulikuwa unaingia bila kukosa:

"Elfu nane na mia mbili, malkia wangu. Miguu inawaka moto."

Wifi yake alimwonya kwamba mwanamume asiyepokea simu saa nane mpaka saa kumi ana mwanamke. Nubia alilia siku mbili. Kumbe mwanamke mwenyewe ana miguu minne.

Alimkuta Eliécer dukani, kajaa kwenye kiti chake, anakula mkate wa jibini.

"Leo umetembea wapi?"

"Mpaka mtoni na kurudi."

Nubia akaiweka simu mezani. Ilikuwa inanuka mifupa. Eliécer akaacha kutafuna.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," Nubia akasema. "Mwanamke ningepambana naye. Kiti nitapambana nacho vipi?"

Eliécer hakujitetea sana. Alisema siku ya kwanza alitembea kweli, akafika kona ya pili anahema, na wazee wa biliadi wakamcheka. Kutembea peke yake bila pa kwenda, alisema, kulimfanya ajione kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Nubia akavua pete, akaiweka juu ya simu.

"Sawa," akasema Eliécer taratibu. "Lakini na wewe uko kwenye cherehani tangu alfajiri, na hata hiyo ni ya umeme. Ukifia hapo, mimi nitafarijiwa na nani?"

Nubia akatoka bila kuaga. Alirudi nyumbani anahema, na nyumbani kwake ni ngazi kumi na nne tu. Usiku huohuo akaandika:

"Alhamisi saa kumi na moja jioni, uwanjani. Usimtume Kanela akuwakilishe."

Uwanja huo ulikuwa wa Yurany, muuguzi wa zahanati. Aligundua kwamba akisema mazoezi watu wazima wote wa mji wao wa Ibagué wanaumwa magoti, ila akisema yermis wanakuja na fulana za timu. Yermis ni binamu wa rede: timu moja inabomoa mnara wa vizibo vya soda kwa mpira, kisha inaujenga upya huku wapinzani wakiilenga. Ukipigwa, unatoka; mnara ukisimama, unaita "Yermis!" na timu yako imeshinda.

Eliécer alikuja, na Kanela nyuma yake kama mtazamaji. Kumbe utotoni alikuwa bingwa wa mtaa. Alikwepa, akatukana, akamwita Don Régulo mzoga, na hakukumbuka kuchoka. Timu yao ikapukutika mpaka wakabaki wawili, yeye na Nubia, na vizibo vinne chini.

"Jenga," akamwambia. "Mimi nakukinga."

Nubia akapanga kimoja, cha pili, cha tatu. Don Régulo akaurusha mpira kwa nguvu zote. Eliécer akajitupa mbele na tumbo lake lote, mpira ukamgonga ukaruka mbali, naye akaanguka chali, macho kayafumba.

Nubia akakitupa kizibo, akapiga magoti kando yake.

"Eliécer. Nijibu. Eliécer, usinifanyie hivi."

Jicho moja likafunguka.

"Kimebaki kimoja, malkia. Usinizike kabla hujakiweka."

Nubia alimpiga kofi begani, akatambaa kukitafuta kizibo, akakiweka juu ya mnara na kutaja jina la mchezo kwa sauti ya kupasuka. Kisha akarudi kwake analia na kucheka pamoja.

"Nipe pete yangu."

"Iko kwenye mfuko wa Kanela. Niliogopa nitaipoteza uwanjani."

Wakageuka. Don Régulo alikuwa ameshaondoka kwenda kufungua tena duka lake la nyama, na Kanela, mbwa wa ratiba, alikuwa anakata kona nyuma yake.

Walikimbia wakiwa wameshikana mikono, timu zote mbili nyuma yao, mitaa saba mpaka kwenye ndoo ya mifupa. Simu zote zilibaki uwanjani. Hatua za jioni ile hakuna aliyezihesabu.