Mkeka wa Njano Mbele ya Joka

Kuna watu hapa duniani wanaouona mkeka umetandikwa, mwenyewe amekaa juu yake, na bado wanakanyaga. Chizuru aliwachukia watu hao kuliko maumivu ya jino. Kwa hiyo siku ile, katika Bustani ya Burudani ya Minamo jijini Osaka, alipoona kiatu cha kiume juu ya mkeka wake wa njano, hakusubiri kuona sura ya mwenye kiatu.

"We kaka! Hii ni barabara?"

"Samahani sana, dada. Nilikuwa nampisha yule mama."

"Na yeye anampisha nani?"

"Sijui. Samahani."

Hapo Chizuru akainua macho. Mwanamume alikuwa amevaa tai, tena imekazwa hadi kooni, mahali ambapo watu wazima walikuwa wanatembea na masikio ya sungura kichwani. Jina lake Hirofumi. Alikuja na wenzake wa kampuni ya maboksi, akawapoteza mlangoni kwa sababu kila aliyesema "naomba kupita" yeye alimpisha.

"Mwache akae, mwanangu," alisema Mama Kuramoto wa mkeka wa jirani, mwenye blauzi ya uso wa chui kifuani. "Kapotea huyu. Kaka, kula pipi."

Hirofumi akapokea pipi kwa mikono miwili, akavua viatu, akakaa ukingoni.

Wapenzi wa maonyesho ya bustani ile wana jina lao: majizo. Ndivyo yanavyoitwa masanamu ya mawe yanayokaa kando ya njia, jua lao, mvua yao. Lango likifunguliwa, jizo hutandika mkeka mbele ya bwawa na kukaa mpaka joka la mitambo litoke majini mchana. Mkeka usio na mtu si mkeka, huondolewa. Na onyesho likikaribia, kila mmoja hukunja wake nusu na kusogea, wa nyuma nao wapate pa kukaa. Chizuru aliyajua hayo yote. Ndiyo maana ngoma zilipoanza alivua kofia yake ya ukindu ili wa nyuma waone, akaiweka juu ya gauni lake la vidoti. Joka likapanda, likatema maji, tai ya Hirofumi ikalowa chapa. Akacheka kama mtoto aliyeachiwa nyumba. Kicheko hicho ndicho kilichomponza Chizuru.

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali na yai."

"Tena? Wewe ni mume wa kuku?"

"Bado sijawa mume wa mtu, mpenzi."

"Haya, lala. Mdomo umeanza kukuponyoka."

Lakini penzi lilikuwa na mdudu. Jumapili wakipanga kutoka, mkuu wa kazi wa Hirofumi hupiga simu, naye Hirofumi husema ndiyo. Jirani akihama, yeye ndiye mbeba makabati. Chizuru husubiri kituoni amepaka rangi ya midomo, kisha hurudi nyumbani kuifuta. Alivumilia. Alisema moyoni, mtu mwema hafukuzwi.

Ikafika siku yake ya kuzaliwa. Asubuhi alikuwa zamu katika duka la miwani, basi akamkabidhi Hirofumi mkeka.

"Kazi yako ni moja tu. Kaa."

"Nitakaa, mpenzi. Kama jizo la mawe."

Mchana alifika mbio, gauni jipya jekundu kama komamanga, nywele zimefungwa juu, shingo inanukia maua. Mbele ya bwawa, pale pao, palijaa wasichana wanaotafuna bisi. Hirofumi alikuwa nyuma kabisa, karibu na pipa la taka, mkeka ameukunja vizuri na kuubana kwapani.

"Nafasi yetu iko wapi?"

"Alikuja mama mmoja na mtoto, akaomba nisogee kidogo. Nikasogea. Wakaja dada zake. Kisha hawa wasichana..." Akaubana mkeka zaidi. "Waliomba vizuri, Chizuru. Waliinama."

"Na mimi sikukuomba vizuri?"

Hirofumi akainama.

"Usiniinamie! Umeinamia watu wa kutosha leo. Mkuu wako ndiyo, jirani ndiyo, watu usiowajua hata majina ndiyo! Anayebaki kusimama na pipa la taka ni nani? Wema gani huu unaogawa changu?"

Alikuwa na haki, na asiyemwelewa hajawahi kusubiriwa wala kusubiri. Akaondoka na gauni lake jekundu, hata joka hakuliona. Simu za Hirofumi ziliita, zikachoka.

Mwisho wa kiangazi bustani ikatangaza kwamba joka litastaafishwa. Onyesho la mwisho lingekuwa Jumapili. Chizuru aliapa haendi. Siku yenyewe akafunga aproni, akaanza kukaanga biringanya kwa fujo, na simu ikaita.

"Nipo bwawani," alisema Mama Kuramoto. "Unajua nani yuko ubavuni mwangu, juu ya mkeka wako wa njano? Yule wako."

"Si wangu."

"Basi huyo asiye wako amekaa tangu lango lilipofunguliwa. Mvua imenyesha, kakaa. Nimempa pipi, kakataa!"

Chizuru akazima jiko. Tangu azaliwe hajasikia mtu akikataa pipi ya Mama Kuramoto. "Kakataa?"

"Anasema leo anajizoeza. Hebu sikiliza."

Simu ikasogezwa. Sauti ya mwanamke: "Kaka, tusogezee kidogo, tuko wawili tu." Kisha sauti ya Hirofumi, inatetemeka lakini imesimama: "Samahani. Nafasi hii ina mwenyewe."

"Hata robo?"

"Hata robo." Halafu simu yake nayo ikalia, akasikika akisema, "Hapana, mkuu. Leo siji. Ndiyo, nimesema hapana."

Chizuru alisimama katikati ya jiko, masikio yanamwaka. Kumbe anaweza! Muda wote ule alikuwa anaweza! Akavaa viatu ili aende kumwambia hivyo usoni, na hasira ilimkimbiza hadi kituoni akiwa bado na aproni yake ya mafuta.

Bwawa lilikuwa limezungukwa na watu kama siku ya sikukuu. Akajipenyeza.

"Dada, sisi tumekuja asubuhi!" alifoka mzee mwenye kamera. "Huyu anakwenda wapi?"

Mwanamke mmoja akageuka, akaitazama aproni. "Mngoje! Dada, jina lako Chizuru?"

"Ndiyo."

"Ndiye mke! Mpisheni mke wa kaka!"

Njia ikafunguka, watu wanampongeza, wanainamisha vichwa. Chizuru akapita akiwa ameduwaa mpaka mbele, akamkuta Hirofumi amekunja magoti, amelowa chepechepe, na ubavuni mwake nafasi ya mtu mmoja, tupu.

"Umewaambia nini watu hawa?"

"Nikisema rafiki, wanasema rafiki asimame nyuma. Nikisema mchumba, wanauliza pete. Nikasema mke wangu Chizuru anakuja. Hapo ndipo waliponiacha."

"Tangu lini?"

"Asubuhi."

"Yaani mstari mzima unajua nimeolewa, isipokuwa mimi!"

"Na mstari wa pili," alisema Mama Kuramoto.

"Mama, nyamaza kidogo. Hirofumi! Mimi uliniuliza lini?"

Hirofumi akapiga magoti sawasawa juu ya mkeka, tai imening'inia kama tambi. "Nakuuliza sasa. Nimegawa Jumapili zako, nimegawa nafasi yako. Sitagawa tena. Nioe... yaani, nikuoe?"

"Hata kuuliza hujui!"

"Dada, keti, hatuoni!" watu wa nyuma walipiga kelele.

"Nakubali!" Chizuru aliwafokea wao, si yeye, kisha akavua viatu na kuketi, machozi yanamchuruzika hadi kwenye aproni. "Na bado nimekasirika."

"Najua, mpenzi."

Ngoma ya kwanza ikalia. Nyuma yao bibi mmoja, mjukuu mgongoni, akainama. "Kaka, samahani, mnaweza kusogea kidogo?"

Hirofumi akafungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia Chizuru kwanza.

"Tusogee?"

Chizuru alisogeza viatu vyao kando. Kisha akaukunja mkeka nusu, akajibana kwenye lile bega lililolowa.

"Haya, tusogee," alisema. "Lakini kidogo tu."