Shilingi Mpya za Arbia

Arbia wa Galbet, yule muuza maziwa ya ngamia mwenye mdomo wa pilipili, alipenda sarafu mpya kupita kiasi. Ukimlipa, kwanza anaigeuza juani. Ikiwa na mkwaruzo, atampa mteja mwingine kama chenji. Ikiwa safi, mkebeni. Benki walishamchoka. Akipewa kifurushi cha sarafu, anararua karatasi pale pale dirishani na kuchambua kama mchele. Zote za kummwagia Ifrah, mwanawe wa pekee, siku ya nikaha. Wenye wivu wapasuke!

Juma la harusi akamwona Fatumo, kizee mwombaji, ameshika shilingi ya twiga iking'aa kama jicho la paka.

"Eddo," akamwita kama shangazi yake, "nibe hiyo. Nakubea kumi."

"Hii hapana, abayo, dada yangu. Imezungushwa kichwa ya mtoto gonjwa. Lazima iwe mpya, haijabita mkono ya watu, ndio ugonjwa isibotee njia. Mimi nachukua, naombea yeye."

"Kwani ugonjwa iko na miguu?"

Arbia akaipokonya, akamtupia kumi chakavu, akaenda zake anacheka. Mtoto akazikwa kesho yake. Arbia alipeleka maziwa msibani, akasahau.

Siku ya nikaha, mchana kweupe, akammwagia Ifrah mkebe mzima kichwani. Vigelegele!

Mashahidi wakaja nyuma ya pazia. "Ifrah, umekubali kuolewa?"

"Hooyo wangu yuko wapi?"

Sauti ya mtoto mdogo, kinywani mwa Ifrah.

"Mama yako niko hapa," Arbia akanong'ona.

"Wewe si hooyo."

Bwana harusi hakungoja hata pilau.

Arbia akaokota sarafu zote, akamkimbilia Fatumo, akazimwaga miguuni pake. "Chukua, eddo! Ombea yeye!"

"Naombea na ile moja. Ni gani?"

Arbia akazigeuza. Akazigeuza tena. Zote mpya. Zote sawa. Hakuna yenye mkwaruzo.

Fatumo akainuka, akajikung'uta vumbi. "Si wewe najua kuchagua fizuri? Chagua."

Mpaka leo anachagua. Mama wa yule mtoto marehemu anakaa mtaa wa pili; akipita, Ifrah humwita kwa ile sauti, naye hupita mbio, vidole masikioni.

Juzi Ifrah alitema kitu kwenye kikombe cha chai. Jino. Dogo, jeupe, la utotoni.

Sisi majirani tukamfungua mdomo, tukatazama.

Hakuna pengo.