Jina la Wamboi Kwenye Kitambaa

Ukiingia kwa Emmah na Mugo pale Gatongora, utaona vitambaa kwanza. Viko kwenye viti, viko juu ya televisheni, hata chupa ya chai ina chake. Emmah alividarizi mwenyewe akiwa na mimba. Mumewe alikuwa akimtania, "Ukimaliza viti utanifunika na mimi."

Mimba ilipofika miezi tisa, mtoto alizaliwa akiwa amefariki. Alikuwa msichana. Mugo na wazee wa kanisa walimzika kabla Emmah hajatoka hospitali. Walidhani wanampunguzia uchungu.

Majirani walileta uji, wakaleta na maneno. "Nyamaza, wewe bado mdogo. Utapata mwingine." Hawakuwa na nia mbaya. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyo mzazi hakuna aliyemsikiliza.

Siku ya tatu maziwa yakaja. Emmah hakuwa ameambiwa kwamba yatakuja. Alikaa kitandani, blauzi imelowa, akalia mpaka sauti ikakauka.

Wiki tatu zilipita. Emmah hakuwa akila wala kulala vizuri. Ndipo akaja Ndanu, mhudumu wa afya wa mtaa wao. Alikaa karibu naye kitandani, akauliza polepole, "Mtoto aliitwa nani?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Na jina lilijulikana na wote. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Mama ya Mugo anaitwa Wamboi, naye siku hiyo alikuwa jikoni akipika.

"Hakuitwa," Wamboi akajibu kutoka huko. "Jina langu lingoje mwingine."

Ndanu hakubishana na mzee. Alisema tu, "Mum, mtoto akifariki, mama bado ni mama. Tusimharakishe. Tumwache alie, na tumtaje mtoto." Kisha akamgeukia Emmah. "Umekaa muda mrefu bila kula na bila kulala. Huo si uvivu, na si eti huna imani. Kesho nakupeleka kliniki. Kuna nesi wa kuongea na wewe."

Walienda. Nesi alimpima, akamsikiliza, akampa siku ya kurudi. Emmah alianza kulala kidogo.

Halafu Ndanu akamkaribisha kwenye kikundi chake. Kila Alhamisi mchana wanawake waliofiwa na watoto wachanga hukutana nyuma ya kanisa. Kila mmoja hudarizi jina la mtoto wake kwenye kipande cha kitambaa. Baadaye vipande huunganishwa kuwa kitambaa kimoja kikubwa.

Emmah alichagua uzi wa rangi ya chungwa. Alikuwa amefika herufi ya tatu Wamboi alipokiona kipande hicho nyumbani, akauliza ni cha nini, akaelezwa.

"Unaniandika na wafu nikiwa hai?" akauliza.

"Si wewe, mum. Ni mtoto wangu."

"Fumua."

Emmah hakufumua, lakini hakushona tena. Alikiweka chini ya mto. Usiku ule hakulala.

Alhamisi iliyofuata Wamboi mwenyewe alienda nyuma ya kanisa. Alikuwa na kile kipande mkononi, alichokitoa chini ya mto, na Emmah akimfuata nyuma. Alitaka Ndanu akifumue mbele ya watu. Kabla hajasema lolote, mama mmoja aitwaye Kanini alisogea kwenye benchi, akampa kikombe cha chai. Akamuuliza wanavyomuuliza kila anayekuja, "Wako aliitwa nani?"

Wamboi alifungua mdomo agombe. Badala yake aliketi, na chai ikamwagika kidogo kwenye sketi.

"Alikuwa mvulana," akasema. "Ni miaka arobaini na mbili sasa. Hakulia. Walimzika, na mpaka leo sijui ni wapi. Waliniambia nitapata mwingine. Kweli nilipata. Lakini sikuwahi kumsahau."

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Emmah alimshika mkono, wakalia pamoja, mama na mke wa mwanawe. Walipotulia, Wamboi alimrudishia kile kipande.

"Maliza jina la mtoto wako," akasema. "Na mimi nipeni changu."

Wamboi hakusoma shule. Ndanu alimchorea herufi kwa penseli, naye akazifuata kwa sindano, Alhamisi nne. Siku hizi mtu akifiwa pale mtaani, Wamboi ndiye wa kwanza kufika. Haendi kusema "utapata mwingine". Huuliza jina, kisha hukaa.

Kitambaa kikubwa kilipokamilika, kilitundikwa kanisani. Mugo alikuja kumwona binti yake. Alisoma jina la Wamboi kwa uzi wa rangi ya chungwa, akafuta macho. Kando ya jina hilo akaona herufi nne zilizopinda. Akasoma jina lake mwenyewe.

"Mum, huyu ni mimi?"

"Hapana," Wamboi akasema. "Huyu ni ndugu yako mkubwa. Jina ulilonalo lilikuwa lake."