Nilimtumia Mume Wangu Picha ya Ukuta wa Jirani

Nina miaka arobaini na saba, nimeolewa, nina watoto wanne. Nyumba yetu iko Kadutu, hapa Bukavu, pale juu mlimani ambapo ukitoka mlangoni unaona bati la jirani liko chini ya miguu yako. Kanisani watu wananihesabu kuwa mama wa heshima. Laiti wangejua! Ninawaandikia ninyi msionijua, kwa sababu wanaonijua siwezi kuwatazama machoni nikasema haya...

Mume wangu, Papa Neema, anachimba dhahabu Luhwindja. Hurudi nyumbani baada ya miezi mitatu au minne. Mimi hubaki na watoto pamoja na mama yake mzazi, ambaye sote tunamwita Koko. Koko alikuwa analala chumba cha nyuma, kile kinachopakana na mlima. Nyuma ya chumba hicho kulikuwa na ukingo wa udongo mrefu kupita bati, na kila msimu wa mvua ulikuwa unamegeka kidogo kidogo.

Mwaka jana Papa Neema aliamua tukarabati nyumba. Alikuwa ameweka akiba yake kwa muda mrefu, akanikabidhi mimi. Koko naye akauza ng'ombe wake wa mwisho aliyekuwa Walungu. Kwa sisi Bashi, kuuza ng'ombe si mchezo! Alileta pesa zimefungwa ndani ya kitambaa, akanipa mkononi, akasema hizo ni za ukuta.

Fundi Deo alikuja, akapima, akaandika devis yake, yaani makadirio ya gharama, kwenye karatasi ya daftari. Mstari wa kwanza: ukuta wa mawe nyuma ya chumba cha Koko, pamoja na mfereji wa kupitisha maji. Mstari huo peke yake ulimeza zaidi ya nusu ya pesa zote. Zilizobaki zilikuwa za mabati mapya, mlango na rangi ya sebuleni.

Nilipoisoma karatasi ile nilivunjika moyo. Pesa zote hizo ziende kwenye mawe ambayo hakuna mgeni atakayeyaona?

Lazima niwaambie kilichokuwa kichwani mwangu. Binti yangu Neema alikuwa amepata mchumba, kijana wa familia ya Muhumba, mtaa wa wenye uwezo. Baba yake anafundisha chuo kikuu, mama yake yuko ofisini. Siku moja nilikwenda kuwasalimu. Sakafu yao ilikuwa ya vigae, inang'aa kiasi cha kujiona uso! Mimi nilikuwa na matope ya Kadutu kwenye viatu. Nilikaa saa nzima nimeficha miguu chini ya kiti, na soda sikuimaliza kwa aibu. Watu hao ndio walikuwa wanakuja kwangu mwezi wa nane kuleta mahari... Wangekanyaga sakafu yangu ya saruji iliyopasuka?

Nilichukua kalamu nikaufuta ule mstari wa kwanza. Niliufuta kwa mkono wangu, hakuna aliyenishika! Pale chini nikaandika: vigae, plafond ya dari, viti.

Fundi Deo alishangaa. "Maman, tuanzie ukuta ya nyuma," aliniambia. "Hii udongo iko nabomoka, mimi naiona na macho. Carreaux ya sakafu tutaweka hata mwaka kesho."

Nilimwambia afanye kazi aliyoitiwa. Nafsini nilikuwa nimepanga vizuri sana: mahari ikiingia, tutajenga ukuta kwa pesa hizo kabla ya mvua. Nani angejua? Mwerevu mimi!

Vigae viliwekwa. Jamani, vilipendeza... Watoto walikuwa wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Lakini Papa Neema alikuwa anapiga simu kila Jumapili, na swali lake lilikuwa moja tu: ukuta umefika wapi? Nilimjibu mawe yamefika. Jumapili iliyofuata nikasema msingi umechimbwa. Halafu akaomba picha.

Jirani yetu wa chini, mfanyabiashara, alikuwa amemaliza ukuta wake wa mawe, mzuri na mrefu. Nilishuka asubuhi, nikasogea karibu ili nyumba yake isionekane, nikapiga picha. Nikaituma.

Jibu lilikuja kwa sauti, nami nikalifungua huku Koko ameketi kando yangu anachambua maharage. "Asante sana, Maman Neema," alisema mume wangu. "Sasa nitalala vizuri. Maman hayiko tena mu hatari."

Mikono ya Koko ilisimama ndani ya maharage. Alinitazama kidogo tu. Halafu akaendelea kuchambua. Baadaye aliniuliza kwa upole tutajenga lini. Nikamwambia: kisha dot, Maman, mahari ikishaingia. Akasema sawa. Hakuniuliza tena, na mimi nikauona ukimya wake kuwa ruhusa!

Siku ya mahari ilifika. Papa Neema alitakiwa awepo, lakini wiki ile barabara ilifungwa, na sisi wa huku tunajua namna barabara zinavyofungwa. Kaka yake mkubwa alisimama mahali pake. Nisameheni nikiwaambia ukweli: mume alilia kwenye simu kwa kukosa siku ya binti yake, na mimi nilimshukuru Mungu kwamba hatakuja kuona kule nyuma. Mke gani huyo?

Nilitundika pazia jipya kwenye njia ya vyumbani ili mgeni asipite. Watu wa Muhumba waliingia, wakatazama chini, wakatazama juu. Mama wa kijana akasema, "Maman, kwenu ni kuzuri sana! Mumetengeneza kabisa!" Nilijiona nimefika mbinguni.

Lakini kuna jambo nilikuwa nimelisahau kwa ujinga wa tamaa. Mahari ina wenyewe! Wageni walipoondoka, kaka mkubwa aliwakalisha ndugu wa ukoo wakagawana kwa desturi. Fungu la Papa Neema kaka alilihifadhi mpaka mwenyewe atakaporudi. Mimi nilipewa kitenge changu cha mama wa binti, kizuri, lakini kitenge hakizuii udongo. Ningemwambiaje shemeji kwamba nataka pesa za ukuta ambao mume wangu anajua umeshajengwa?

Nikakikunja kitenge changu. Mvua zikaanza.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili bila kupumzika. Koko alisema mgongo unamuuma, akaenda kujilaza. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sebuleni nafuta matope kwenye vigae, maana watoto walikuwa wameingia na miguu michafu na nilikuwa nawafokea. Hapo ndipo niliposikia kishindo. Nyumba nzima ilitikisika, kitambaa kikaniponyoka mkononi.

Nilikimbilia chumba cha nyuma... Hapakuwa na chumba. Palikuwa na udongo!

Majirani walikuja na majembe, wengine wakachimba kwa mikono. Tulimtoa Koko akiwa hai, Mungu ni mkubwa, lakini ukuta wa chumba ulikuwa umeuangukia mguu wake wa kulia. Hospitali waliukata juu ya goti.

Papa Neema alifika baada ya siku mbili, nusu ya njia kwa pikipiki na nusu kwa miguu. Alipiga magoti kando ya kitanda cha mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, natafuta neno la kuanzia. Koko akanitangulia.

"Ukuta ilikuwako, mutoto yangu," alisema. "Ni mvua ilibeba yote."

Mama aliyepoteza mguu kwa ajili yangu alinisitiri, nami nikakubali kusitiriwa! Mume wangu alinishika bega akanipa pole. Ile pole bado inaniuma kuliko tusi lolote.

Lakini yule ni mtu wa kuchimba. Alirudi nyumbani akashika koleo, akasema atayaokota mawe ya ukuta ili tusinunue mengine. Siku ya kwanza alichimba. Siku ya pili akachimba. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia koleo likiingia kwenye udongo laini tu, bila kugonga kitu. Siku ya tatu, mchana, sauti ya koleo ikakatika. Akaja kusimama mlangoni, matope mpaka kifuani.

"Maman Neema, mawe iko wapi?"

Nilimshika mkono nikamtoa nje, nikamwonyesha ukuta wa jirani kule chini. Alichukua simu yake, akafungua picha, akatazama picha, akatazama ukuta. Kuna bomba la buluu linalotokeza katikati ya mawe yale. Lilikuwa pale, na kwenye picha lilikuwepo.

Hakunipiga. Hakupaza sauti. Alikaa chini kwenye matope akasema, "Hii picha niliionyesha wenzangu wote kule. Niliwaambia nina bibi wa akili."

Alikaa mwezi mzima akajenga ukuta kwa mikono yake, kwa lile fungu la mahari, kisha akarudi Luhwindja. Siku hizi Jumapili akipiga simu anapiga kwa mama yake. Mimi hunisalimia kupitia kwa Koko.

Nilimwuliza Koko kwa nini alinifichia. Alijibu, "Mutu moja amepoteza muguu, inatosha. Nyumba isipoteze na maman." Nililia mpaka sauti ikanikauka... Alinipa pembe ya kitenge chake nijifutie.

Na vigae vyangu? Koko analala sebuleni sasa, kwa sababu hata chumba chake kikijengwa upya, hawezi tena ngazi za kukifikia. Wiki ya kwanza magongo yake yaliteleza kwenye vile vigae, akaanguka kifudifudi. Siku hiyohiyo nilikwenda sokoni nikanunua zulia la plastiki, la rahisi kabisa, nikafunika sakafu yote. Wageni huniuliza mbona nimeficha sakafu nzuri namna hiyo. Nawajibu nini?

Wenzangu mnaosoma, hasa kina mama mnaokabidhiwa pesa za nyumba, nawasihi! Kabla hamjachagua rangi, zungukeni nyuma ya nyumba kwanza. Fundi akikuandikia kazi ambayo mgeni hataiona, ifanye hiyo mbele ya zote. Na kama umeshadanganya, sema leo, kabla mwingine hajalipa.

Mimi kila Jumamosi nakunja zulia, naosha vigae, nalirudisha zulia upesi kabla Koko hajataka kusimama. Bado vinang'aa. Ninajiona uso.